Fundi alinipakia rangi juu ya ufa wa rim, na mimi nikampakia mama mkwe safari ya Musanze

Wakuu, habari za mihangaiko.

Nawaandikia kutoka Kigali nikiwa bado na hasira, kwa hiyo mtanivumilia nikirukaruka. Haya yamenitokea mimi mwenyewe, sikuhadithiwa na jirani. Anayetafuta chai humu atakosa hata sukari.

Kwa wasionijua: mimi ni Mnyarwanda niliyekulia Bukoba, mkoani Kagera, nikarudi huku nikiwa mtu mzima. Nafanya kazi ya ofisini, naishi Niboye na mke wangu Josiane.

Gari yangu ni Rav4 ya kitambo kidogo. Rim zake ni alloy, silver, zile zile zilizokuja nayo. Nikisema ukweli, rim ndizo zilizonifanya niinunue. Injini nilikuja kuiuliza baadaye.

Sasa siku moja natoka kazini, pikipiki ya mbele yangu ikasimama ghafla kubeba abiria. Nikakwepa kulia, nikapanda ukingo wa zege.

Kwaa!

Wenye magari mnaujua ule mlio. Unausikia kwenye meno.

Nikashuka kuangalia. Rim ya mbele kulia mdomo umepinda, na kwa ndani kuna ufa mwembamba kama unywele. Hizo nyingine tatu zilikuwa na mikwaruzo yake ya siku nyingi, mambo ya parking. Tangu hapo usukani ukawa unatetemeka, na kila nikiamka nakuta tairi imelegea, naanza asubuhi yangu kwa kutafuta upepo.

Ningeweza kusubiri, lakini kulikuwa na harusi.

Shemeji yangu Patrick, mdogo wake Josiane, anaoa. Upande wa binti wako Musanze, na Jumamosi ndiyo ilikuwa gusaba, yaani ile sherehe ya familia ya mwanaume kwenda kumuomba binti kwao. Kikao cha familia kikaamua mama mkwe atasafiri kwenye gari yangu.

Mama mkwe wangu ni mjane, mwalimu mstaafu, mtu wa maneno machache. Huku kati ya mkwe na mama mkwe kuna heshima ya umbali fulani hivi. Tangu nimuoe binti yake sidhani kama aliwahi kuniomba hata maji ya kunywa. Kwa hiyo kupewa nafasi ya kumbeba siku kama hiyo nililichukulia kwa uzito. Nikasema gari lazima iwe safi, na rim zote nne zifanyiwe kazi.

Ukiwa na shida yoyote ya gari Kigali, mtu wa kwanza utakayemuuliza atakwambia nenda Gatsata. Ni kule juu ya Nyabugogo, garage imeegemea garage, na kila mtu anakupungia mkono kama ulikuwa na miadi naye.

Nikapokelewa na fundi mmoja, Vedaste. Nilipofungua mdomo tu akanidaka:

"Kaka, wewe umekulia Kagera! Hicho Kiswahili nakijua."

Kumbe na yeye kakulia Ngara. Wakuu, tuliongea! Tukaongea senene, tukaongea ndizi, tukaongea baridi ya asubuhi, mpaka nikasahau kumuuliza kama ana mashine.

Hapo ndipo nilipopotezwa. Ukiwa mbali na ulikokulia, mtu akikuongelesha lugha ile ile ya utotoni, akili inavua viatu inakaa.

Ufa nilimuonesha kwa kidole. Sikuficha kitu.

"Huu ndio unanitisha," nikamwambia.

"Huo tunauchomelea kwa argon kaka, unakuwa mgumu kuliko mwanzo. Kile kilichopinda tunanyoosha, tunapiga rangi, nakurudishia zote nne kama zimetoka kwenye boksi. Niachie siku mbili tu."

Gari ikabaki imekaa juu ya mawe. Mimi nikawa mtu wa pikipiki.

Siku mbili zikaisha. Nikipiga simu, umeme umekatika. Nikipiga tena, compressor ya jirani waliyokuwa wanaazima imechukuliwa. Nikipiga tena, rangi imegoma kukauka kwa sababu ya mvua. Nikaangalia dirishani ofisini, jua linawaka mpaka kwenye vigae. Mvua ya Gatsata peke yake hiyo, ina mipaka yake.

Josiane akaniuliza, "Huyo fundi wako anaishi nchi gani?"

Alhamisi nikaomba ruhusa kazini, nikaenda mwenyewe.

Nikazikuta rim zimeshafungwa kwenye gari, zinang'aa kweli kweli. Nyeusi.

Wakuu, nilisema silver. Nilisema silver kwa Kiswahili, nikarudia kwa Kinyarwanda.

"Silver imepitwa na wakati kaka," Vedaste akasema, anazifuta na kitambaa kwa mapenzi. "Hii nyeusi ndiyo vijana wanataka."

Vijana gani? Gari ya kumbeba mwalimu mstaafu! Lakini Jumamosi ilikuwa inakaribia, nikameza. Nikauliza habari ya ufa. Akaniambia nikague mwenyewe. Nikalala chini, nikapitisha kidole kwa nyuma. Laini kama sahani. Nikaridhika.

Niko barabarani, usukani bado unatetemeka. Nikampigia.

"Hiyo ni balance ndogo tu kaka. Zikishatembea zitakaa sawa."

Zikishatembea zitakaa sawa! Kwani nimenunua viatu?

Ijumaa nikarudi tena. Wakabandika vile vipande vya risasi vya kusawazisha kwenye rim, vingi tu, mtetemo ukapungua. Nikasema haya, liwalo na liwe, tufike Musanze kwanza.

Jumamosi Josiane aliondoka mapema na wanawake wenzake kwenye basi dogo lililobeba zawadi. Kwenye gari yangu tukawa mimi na mama mkwe tu. Amevaa mushanana yake, ule mtandio wa sherehe unaofungwa begani, rangi ya maziwa, na kikapu cha kufuma kiko mapajani.

Tukapanda Shyorongi vizuri kabisa. Huko juu akaanza kuongea. Akanisimulia Patrick alipokuwa mdogo alivyokuwa anakataa kulala mpaka baba yake arudi, na jinsi baba yake alivyotamani kuiona siku hii. Wakuu, miaka yote hiyo hajawahi kunisimulia kitu kama hicho. Nikawa naendesha taratibu ili njia isiishe.

Tunashuka upande wa Rulindo, kwenye kona, nikasikia pah! Halafu fyuuu.

Gari ikavutwa kulia kama imeshikwa shati. Mbele yangu kuna lori linapanda. Ningeukata usukani kushoto, ningelifuata lori, na nyuma ya lori ni bonde. Nikaushika kwa mikono yote miwili, nikaiachia iende inakotaka, upande wa mlima. Tukaparuza ukingo, tukaingia mtaroni, tukasimama.

Nikazima injini.

"Mama, uko salama?"

Nikageuka. Amekaa wima vile vile, mikono bado iko mapajani, ila mapajani hakuna kitu.

"Kikapu changu kimeanguka," akasema.

Nilishuka nikashika mlango kwanza kabla ya kutembea.

Wapita njia wakatusaidia kuitoa mtaroni, tukafunga spea. Lakini sikutaka kuendelea bila kujua kilichotokea, na spea yenyewe ilikuwa na upepo kidogo. Senta ya maduka haikuwa mbali, kuna jamaa anaziba pancha pale. Nikamwomba aijaze spea upepo, halafu aifungue ile tairi. Mama mkwe akashuka, akashika pindo la nguo yake lisiguse vumbi, akasimama pembeni kuangalia.

Jamaa akaing'oa tairi, akaingiza mkono, akaniangalia.

"Patron, hii iko na tyubu ndani."

Tairi zangu ni tubeless, hazitumii tyubu kabisa! Akaivuta, tyubu imechanika vibaya. Akachukua bisibisi, akakwaruza rim pale kwa ndani. Rangi nyeusi ikatoka. Chini ya rangi ikatoka puti, ile ile wanayozibia bodi za magari, inabanduka vipande vipande kama plasta ya ukuta mbovu. Chini ya puti kuna ufa wangu, sasa umefunguka, na ukingo wake ndio ulioikata tyubu.

Hakikuchomelewa kitu. Hata kujaribu hawakujaribu.

Nikampigia Vedaste pale pale.

"Kaka! Gari inatembea vizuri?"

Nilichomjibu mods watafuta. Akasema network mbaya, akakata.

Mama mkwe alikuwa amechukua kipande cha puti, anakivunja kwa vidole.

"Huyo mtu yuko wapi?"

"Gatsata, mama."

"Jumatatu utanipitia."

Basi. Mpaka Musanze nilikuwa naendesha kama nabeba mayai.

Tulifika tumechelewa. Wanaoijua gusaba wanajua msemaji wa upande wa binti anasubiri kosa lolote atutanie. Akasimama mbele ya watu wote akasema wageni hawa gari yao inachechemea, je, huyo kijana wao anatembea vizuri? Hema zima likacheka. Mimi nina tope mpaka magotini na suti. Josiane akanipiga lile jicho ambalo waliooa wanalijua.

Binti tulipewa, tunashukuru Mungu.

Jumatatu nikampitia mama mkwe, nikidhani atakuwa amesahau. Yuko getini ananisubiri.

Tukafika kwa Vedaste. Alipoona mtu mzima akaleta kiti, akakifuta. Mama mkwe akakaa, nikaiweka ile rim chini mbele yake. Waliongea Kinyarwanda, nawawekea kwa Kiswahili.

"Mwanangu, hii ni kazi yako?"

"Mama, mashine ya argon iliharibika, halafu kaka alikuwa ananiharakisha..."

"Sijauliza mashine. Nimeuliza kama ni kazi yako."

"Ni yangu, mama."

"Ulijua ina ufa?"

Akaniangalia mimi, akaangalia chini.

"Nilijua. Lakini mama, mimi nilidhani anataka kuiuza. Watu wengi wakija kupaka rim zote nne wanataka kuuza gari."

Wakuu, mimi nilikuwa nimejiandaa kupiga kelele tangu Jumamosi. Nikajikuta nimekaa juu ya tairi kuukuu. Yaani kwake huo ulikuwa utetezi.

Mama mkwe akamuuliza, bila kupaza sauti:

"Na huyo ambaye angeinunua, yeye hana mama?"

Mafundi wa jirani waliokuwa wanagonga vyuma wakaacha kugonga. Vedaste akawa anasugua mikono na kile kitambaa, mikono ambayo haikuwa na grisi.

Akaomba msamaha. Akasema atarudisha sehemu ya malipo, habari ambayo naomba niiache maana presha inapanda. Halafu, sikilizeni hii, akasema, "Na hiyo rim niachieni tu, itawasumbua kuibeba."

Kwa jinsi nilivyochoka nilikuwa karibu kusema ichukue.

"Ya nini?" mama mkwe akauliza.

Vedaste akainama kuiokota.

"Ikate."

"Mama?"

"Leta mashine uikate hapa, nikiona."

Vedaste akaniangalia, lile jicho la mwanaume kumwomba mwanaume mwenzake msaada. Nikageuka nikaangalia mlima wa ng'ambo.

Akaleta grenda. Ile rim nzuri, nyeusi, inayong'aa, ikaanza kulia. Mama mkwe hakuziba masikio, alivuta nguo yake tu isirukiwe na unga wa chuma. Mpaka ilipoanguka vipande viwili ndipo akasimama, akamuaga kwa heshima kabisa, tukaondoka.

Zile tatu nimezipeleka kwingine, Kicukiro. Wamezisafisha zimerudi silver. Dada wa pale mapokezi aliniambia wazi: iliyopinda tunanyoosha, iliyokwaruzika tunapaka, ila yenye ufa sehemu ile haturudishi barabarani, katafute nyingine. Nimeitafuta mpaka sasa sijaipata inayofanana. Natembea na tatu za familia moja na moja ya kuasili.

Ninachowaambia wakuu ni hiki. Rim ikichomelewa, iangalie ikiwa bado uchi, kabla haijapakwa rangi na kabla tairi haijavishwa. Ukiambiwa njoo ichukue imeshafungwa, kataa, ifunguliwe. Ukikuta tyubu kwenye tairi isiyotumia tyubu, jua kuna kitu kinafichwa. Na fundi akikuongelesha mambo ya nyumbani kwenu, mjibu vizuri, cheka naye, halafu muulize mashine iko wapi.

Ila kinachoninyima amani ni kwamba Vedaste si mvivu. Kazi ya rangi anaijua, ile rim ilikuwa inapendeza kuliko siku niliyonunua gari. Na wateja anao wengi, niliwaona kwenye foleni.

Kwa hiyo mwenye uzoefu aongeze, mwenye matusi pia nayapokea. Lakini kama wewe umenunua gari iliyotumika hivi karibuni na rim zake zinang'aa kuliko gari yenyewe, acha kwanza kusoma huu uzi. Nenda kafunguliwe tairi moja, uingize mkono.

Halafu rudi utuambie umekuta nini.