Jibini Iliyogeuzwa Highview

Nafanya kazi huku ughaibuni, mji wa Tonawanda, kwenye ghala la baridi linalopokea vyakula vya milima ya Alpi: nyama iliyokaushwa kwa upepo, asali nyeusi ya misituni, na zaidi ya vyote jibini, nzima nzima, za mviringo, nyingine pana kama ungo. Nazikata kwa waya, nazifunga, nazipanga. Kwenye kila boksi kuna picha ya ng'ombe mwenye kengele shingoni, nyuma yake mlima wa theluji. Ikifika saa nne asubuhi vidole vyangu vimekufa ganzi, na mimi mwenyewe pia. Sisemi hivyo ili nihurumiwe. Mtu aliyekufa ganzi hufanya kazi vizuri.

Nimezaliwa Masisi, Kivu ya Kaskazini, kwenye vilima vya baridi ambavyo wazungu walisema vinafanana na kwao. Labda ndiyo maana walituachia jibini. Baba alifundishwa kuitengeneza na padri mmoja alipokuwa kijana, akaitengeneza mpaka siku tuliyokimbia. Kila alfajiri aliingia kwenye chumba cha mbao, akazigeuza moja moja, akazipangusa kwa kitambaa cha maji ya chumvi, kisha akazigonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Zilizoiva zilishuka Goma mjini. Ambayo haijaiva aliiambia, "Bado, lala," akairudisha rafuni.

Mama alifariki mwaka jana, nyumbani kwa mdogo wangu wa kike, Highview, kule Louisville, walikokuwa wakiishi na baba. Sikulia mazishini. Baba naye hakulia. Aliacha kula tu.

"Yaya, papa haamuke tena," mdogo wangu aliniambia kwa simu; kwetu yaya ni dada mkubwa. "Eko anakunywa maji tu. Docteur anasema hivi hatafika mbali."

"Nitaleta fromage," nikamwambia, yaani jibini, nikajiona mjanja kweli.

Jibini iliyopasuka ganda haiuzwi, na sisi wafanyakazi huruhusiwa kuichukua. Nilichagua moja ndogo, nikaiviringisha kwenye taulo, nikaitia kwenye buti la gari. Njiani nilipumzika Columbus kwa kaka yetu mdogo. Watoto wake, ambao ukiwasalimia kwa Kiswahili wanakujibu kwa Kiingereza, walinijulisha kwamba gari la shangazi linanuka miguu. Baba yao alifungua buti, akaitazama jibini kwa muda.

"Bon, yaya," akasema. "Ulishaona papa anakula fromage?"

Nilifikiri, nikafikiri tena. Sikuwahi kuona. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuila. Jibini ilikuwa ya watu wa mjini. Sisi tulikula ugali na maharage, tukanywa yale maji ya maziwa yaliyobaki, ya uvuguvugu, kwenye vikombe vya bati. Nilikuwa nimeendesha saa tano kumpelekea mgonjwa chakula ambacho hajawahi kukitia mdomoni. Nilitaka kucheka, kicheko hakikuja. Nikaendelea na safari kwa sababu gari lilikuwa limeelekea huko.

Baba alikuwa amelala akitazama ukuta. Nilimwinua, nikamwekea jibini mapajani. Aliipapasa kwa viganja, akaigonga kwa kifundo cha kidole, akainamisha sikio.

"Hii bado," akasema. "Mbona mumeitoa mbio? Leta mbao na chumvi."

Jibini ile ilikuwa na umri wa mwaka na nusu, imeiva kabisa. Muhuri wa tarehe ulikuwa pale pale kwenye ganda, nami nakata dada zake kila siku. Nikaenda jikoni kutafuta chumvi. Mdogo wangu akaleta ubao wa kusukumia chapati.

Tangu hapo baba akawa anaamka alfajiri. Aliigeuza, akaipangusa kwa maji ya chumvi, akaigonga, akasema bado. Na kwa kuwa alikwisha amka, alikunywa uji. Baadaye akala maharage. Mdogo wangu alinipigia kila jioni kunipa habari za uji na maharage, nami nilizipokea kama ninavyosoma kipimajoto cha ghala: namba iko sawa, endelea na kazi.

Wiki ya sita akina mama wa kanisa walikuja kumsalimia baba bila kutoa taarifa. Mdogo wangu alikuwa ametoka zamu, nyumba haina kitu ila chai, na kwetu mgeni haondoki na chai kavu. Baba alikuwa bafuni. Mdogo wangu akaikata ile jibini. Wale mama walikuwa watu wa Kivu. Walifurahi kukutana na jibini ugenini, wakaimaliza. Baba alipotoka aliwasalimia mmoja mmoja, kisha akauona ubao.

"Muzuri," akasema. "Bageni bamekula."

Kesho yake hakuinuka kitandani, akarudia maji tu. Mdogo wangu alilia kwenye simu na kuniomba msamaha. Nilimwambia kosa lingekuwa kuwaacha wageni waondoke hivi hivi, na niliamini hivyo. Nikachukua jibini nyingine iliyopasuka, yenye muhuri wa tarehe ile ile kama ya kwanza, nikampitia kaka yetu Columbus, tukaenda pamoja.

Baba aliigonga. Safari hii alisikiliza kwa muda mrefu. Nikagundua kwamba namwomba Mungu ili baba aseme tena ule uongo, kwamba bado.

"Hii imeiva," akasema. "Mukate."

"Papa, usikilize tena."

"Nimeshasikia."

Nikaikata. Alitia kipande mdomoni, akakitafuna taratibu mpaka kikaisha.

"Iko na chumvi," akasema, akaomba maji.

Kaka yetu aligeukia dirisha. Mimi nilikipangusa kisu, nikakipangusa tena kikiwa kisafi. Siku ya tatu baba akafariki, na sikulia pia.

Nimerudi Tonawanda. Jibini zikishuka nazikata moja kwa moja, sizigongi. Juzi nilijisahau, nikagonga moja kwa kifundo cha kidole. Ilikuwa imeiva, kama zote. Nikaiambia, "Bado, lala," nikairudisha rafuni.