Kituo cha Visiwani Chajitaja Jina

Posta walimwita Mama Mawimbi, naye aliitika bila kinyongo. Alikuwa karani wa kuchambua barua, kazi aliyoianza akiwa msichana, na huko ndiko ugonjwa wa redio ulikomwingilia. Kila siku bahasha za nchi za mbali zilipita mikononi mwake, mpaka siku moja akataka kujua huko zinakotoka watu wanaongea nini. Akanunua redio ya mawimbi mafupi, akavuta waya wa antena kutoka dirishani hadi kwenye tangi la maji, na ikawa imetoka hiyo.

Uraibu huu una sheria zake. Ukikipata kituo cha mbali, unakiandikia ripoti: saa, masafa, nguvu ya sauti na ulichosikia. Kituo kikiridhika, kinakutumia kadi ya uthibitisho. Lakini kituo hakihesabiki mpaka kijitaje jina, nawe ulisikie kwa masikio yako. Kusikia muziki tu hakutoshi, na kukisia ni aibu tupu. Mama Mawimbi alikuwa na albamu mbili za kadi, na humo hamkuwa na kadi hata moja ya kukisia.

Sasa mtu huyu, kati ya wanaume wote duniani, aliolewa na fundi wa kuchomelea vyuma. Karakana ilikuwa uani, na mashine ikiwashwa redio yote hujaa mikwaruzo. Waligombana miaka miwili ya mwanzo, kisha wakapatana: saa kumi na moja jioni mashine inazimwa. Wateja walionuna walijibiwa na Fundi kwa upole, "Geti litasubiri. Mke wangu saa hizi yuko ng'ambo."

Mwaka ule mambo yakaanza kwenda kombo. Vituo vilififia kimoja baada ya kingine. Mama Mawimbi akalaumu mashine, kumbe imezimwa. Akalaumu antena, Fundi akapanda kwenye tangi mara tatu na kubadilisha waya wote, akinung'unika kidogo tu. Akalaumu friji, akalilaumu na jua, ambalo kweli miaka mingine huvuruga mawimbi. Hedifoni alizitupa kabatini akasema zimekufa.

Katikati ya hayo jarida la wasikilizaji likaleta habari: kituo kimoja kidogo cha visiwani, upande wa pili wa dunia, kingefungwa kabisa Ijumaa. Miaka kumi na sita alikuwa akikiwinda. Muziki wake aliujua, ila kila walipotaka kujitaja, sauti ilizama. Ilibaki jioni moja, basi.

Ijumaa alirudi nyumbani mbio mbio. Akachomoa friji, akachomoa pasi, akachomoa hata saa ya ukutani, ambayo ilikuwa ya betri, kwa hiyo akaitoa betri. Fundi akaingia kunywa maji, akaamriwa kukaa kwenye kiti na asitikisike. Akakaa na kikombe chake.

Mkono wa Mama Mawimbi ukazungusha kitufe taratibu. Muziki ukaja, mwembamba, lakini ukaja. Akafumba macho. Muziki ukakatika, ukafuata mvumo mtupu, naye akasubiri kwa moyo wote.

"Haya, hongera," Fundi akasema.

"Hongera ya nini?"

"Si wamejitaja? Huyo mama. Kasema mara mbili."

Alifumbua macho. "Mashine umezima?"

"Toka saa kumi na nusu."

"Friji?"

"Umeichomoa mwenyewe."

Fundi akainua kidole. "Jina hilo hapo tena, analisema." Mama Mawimbi alikiona kidole. Sikio alilibandika kwenye redio, lakini hakusikia kitu ila mvumo uleule. Kisha Fundi akasema wameaga, wamezima.

Watuhumiwa wote walikuwa wameisha. Mama Mawimbi alikaa akiitazama redio.

"Fundi, ni masikio yangu," akasema. "Nadhani nimejua tangu zamani."

"Mimi pia nimejua," Fundi akajibu. "Nikikuita jikoni huitiki. Nilisema labda umeninunia."

Mama Mawimbi akacheka, machozi yakimlengalenga. Fundi akamwambia Jumatatu wataenda kwa daktari wa masikio, watu wanavaa vifaa siku hizi na maisha yanaendelea. Kisha akamsogezea karatasi ya ripoti. "Andika. Jina unalo kwenye jarida. Nani atajua?"

"Mimi."

Fundi alimjua mkewe. Mama Mawimbi akavaa miwani, akashika kalamu.

"Alikuwa anaongea haraka au polepole?"

"Nani?"

"Huyo mama wa redio. Nijibu vizuri, hii ni ripoti."

Fundi akaweka kikombe chini. Polepole, akasema, kama mtu asiyetaka kuondoka. Kabla ya jina alikohoa. Kulikuwa na mtu mwingine nyuma, anacheka au analia, hakuwa na hakika. Mara ya tatu alilitaja jina kwa sauti ya chini. Mama Mawimbi aliandika yote, akishangaa: miaka yote hiyo mwanamume huyu alidai redio ni kelele za kukaanga, kumbe ana masikio ya dhahabu.

Penye jina la msikilizaji akaandika jina la mumewe. Chini palikuwa na nafasi ya maoni. Hapo akaandika kwa mkono wake wa posta, ulionyooka: "Nimewafuata miaka kumi na sita. Leo mume wangu amenisikilizia. Asanteni."

"Saini hapa," akamwambia.

Fundi akafuta mikono kwenye suruali, akasaini, na masizi kidogo yakabaki kwenye karatasi.