Kuku wa Ukaguzi

Kila asubuhi shangazi Marieta alikuwa anafagiaga uwanja amekaa. Alianzia mlangoni kwenye kigoda chake, akafagia mpaka pale mkono ulipofika, kisha akakisukuma kigoda kwa mguu wa kulia na kufagia tena. Mguu wa kushoto ulikauka akiwa mtoto, kwa polio. Jirani akimtania, "Marieta, hapa kwako mtu analala bila mkeka," alijibu, "Lala tu, ila ukiamka ufagie."

Alikuwa dada wa baba yangu, Leonardi. Tuliishi naye hapa Kibara tangu bibi alipofariki. Kuku aliwajua. Kuku wa jirani akisimama vibaya tu, shangazi alisema huyu hafiki kesho, na kweli hakufika. Ndiyo maana, walipotangaza kwenye mkutano wa kijiji kwamba halmashauri ina mikopo isiyo na riba kwa kina mama, vijana na watu wenye ulemavu, na kwamba mwenye ulemavu anaweza kuomba hata peke yake, yeye aliomba kwa ajili ya mradi wa kuku. Akapata.

Baba ndiye aliyempeleka benki Bunda, na ndiye aliyerudi amebeba pesa. Akanunua injini ya mtumbwi. "Dagaa watamzalia kuku," alisema akicheka. Injini ikaibiwa. Banda la kuku la shangazi tukawekea kuni.

Toka hapo shangazi hakucheka sana. Baba alikuwa amemwambia, tena taratibu, kama mtu anayetoa ushauri: "Jina ni lako, sahihi ni yako. Wakija na pingu, watautafuta mkono wako, siyo wangu." Siku moja tunachambua mchele, shangazi akaniuliza, "Hivi huko mahabusu, mtu wa magongo wanamwachia magongo yake?" Sikujua. Nikaendelea kuchambua.

Halafu mtendaji wa kijiji akapita kusema wakaguzi wa mradi wanakuja kesho. Mchana huohuo baba alitoa kuni bandani, akaenda nyumba tatu kuazima kuku. Huku kwetu kila nyumba inamfungia kuku wake kitambaa mguuni ili asichanganyike na wa wengine. Baba alivikata vyote. Mama Kulwa, jirani yetu, alisimama kwenye uzio wa minyaa akapiga kelele, "Leonardi! Huyo jogoo nimekuazima, sijakuoza!"

Baba akamfundisha shangazi. "Utasema, 'Ni wangu wote.' Basi. Ukiongeza neno, umejifunga mwenyewe."

Asubuhi shangazi hakunywa uji. Afisa maendeleo ya jamii alifika na wenzake wawili. Aliitwa madam Ikhlas. Akachungulia bandani.

"Wamenona. Unawapa nini, dada Marieta?"

"Pumba na dagaa," baba akajibu.

"Nimemuuliza mwenye mradi, baba."

"Huyu ana aibu, madam."

"Haya, tuwafungulie basi niwaone wakitembea."

"Wamezoea ndani hawa."

"Kuku wa kienyeji wamezoea ndani?" madam akacheka. "Hata sisi nyumbani tulifuga, baba. Fungua."

Baba akafungua. Pumba ilikuwa imemwagwa uwanjani, lakini jogoo hakuitazama hata kidogo. Alijikung'uta, akapita chini ya minyaa, akaenda kwa mama Kulwa, na mitetea watatu nyuma yake. Wengine wakapandisha njia ya kwa mzee Ngusa, jirani mwingine aliyeazimwa. Wengine wakakata kona. Mmoja wa wakaguzi alianza kucheka, akaacha alipomtazama shangazi usoni.

"Dada Marieta," madam aliuliza, "wanaenda wapi?"

Baba akakohoa.

Shangazi aliwafuata kuku kwa macho. Nilifikiri atasema yale aliyofundishwa. "Kwao," alisema.

"Na wa kwako?"

"Sijawahi kuwa na hata mmoja."

Madam alichuchumaa mbele yake. "Hatukagui ili tuwafunge. Tunakagua kwa sababu fungu lenu kuna wengine wanalila. Kesho uje ofisini Bunda unieleze. Uje mwenyewe, bila mtu wa kukusemea."

"Mtanifunga?"

"Kwa kusema ukweli? Hapana. Ila uniambie yote."

Hilo neno yote nadhani lilimtisha kuliko pingu. Yote maana yake ilikuwa kaka yake, na paa alilolala chini yake.

Walipoondoka, baba hakugomba. Ingekuwa afadhali agombe. Alikula akashiba, akawatania wadogo zangu, halafu akanawa mikono na kusema bila kumwangalia mtu, "Bunda ni mbali kwa mtu wa mguu mmoja." Mama aliinamisha uso kwenye sahani.

Kulipokucha shangazi alitoka na kitenge chake cha kanisani na mfuko mdogo. Baba alikuwa amesimama mlangoni, mkono wake ameukingamisha toka fremu mpaka fremu.

"Ukivuka hapa, huna kaka."

Shangazi alisimama. Gongo lilikuwa linagonga sakafu, tak tak tak, kwa kutetemeka kwake tu.

"Kaka, toa mkono."

Hakuutoa. Basi shangazi akatanguliza gongo moja, akainamisha ule mgongo wake usiopenda kuinama, akapita chini ya mkono wa baba. Kilemba kikadondoka. Hakukiokota. Akaenda hivyohivyo, kichwa wazi, mpaka kijiwe cha bodaboda, akapakiwa na magongo yake.

"Atarudi," baba alisema. "Ataenda wapi?"

Mchana mama alimfunikia ugali wake. Jioni akaufunua, akawagawia wadogo zangu. Kesho yake hakumfunikia tena.