Mtu Ambaye Hakucheka

Juzi fundi aliwasha projekta kuukuu ofisini kwetu, na harufu ya vumbi linaloungua ikanirudisha Buguruni, kwenye ukumbi wa jamii, Jumamosi moja mchana. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa magunia ya katani. Nilikaa mkekani, nimeegemea magoti ya mama.

Ilikuwa filamu ya vichekesho, ikiwadhihaki makauboi na wapelelezi. Kisha ukaja mzaha wa mizimu: mzee kajifunika shuka, anajigonga milangoni, na wageni wa hoteli wanamcheka. Ukumbi mzima ulikuwa hoi kwa kicheko. Nyuma ya wale wageni alikaa mwanamume mmoja mweusi ambaye hakucheka. Alikuwa anatutazama sisi.

"Kaka!" mama alipiga kelele, akasimama. "Huyo ni kaka yangu!"

Watu wakazidi kucheka. Mjomba alikuwa baharia. Aliondoka na meli nikiwa mdogo sana, wala hakuandika barua.

Filamu ilipokwisha, mama alimsihi bwana wa mashine airudishe. Akairudisha, ukumbini tumebaki sie tu. Mzee akajigonga, wageni wakacheka. Nyuma yao kiti kilikuwa kitupu.

"Labda umechoka, mama," yule bwana alisema kwa upole.

Njiani, tulipovuka reli, mama aliniinamia.

"Mwanangu, ile mara ya kwanza, wewe ulimwona?"

Nilimwona. Niliona hata kovu kidevuni mwake. Lakini nilikumbuka kile kiti kitupu, nikaogopa.

"Hapana, mama," nikasema.

Hakumtaja tena mjomba maisha yake yote.