Uso Mpya kwa Gitla

Gitla Wajcblum alikuwa mshonaji kutoka Radomsko, mfupi, mwenye maneno mengi. Wanazi waliua ukoo wake wote, wakaua na ukoo wa Lajzer, mchumba wake. Kwa hiyo walipofunga ndoa katika kambi yetu ya wakimbizi kule Bavaria, mwaka mmoja baada ya vita, Gitla alikataa kuolewa bila jamaa. Aliialika kambi nzima na kuigawia undugu: wapishi wakawa shangazi, fundi bomba akawa babu, na mlinzi wa lango alipoambiwa yeye ni binamu, akalia kama mtoto.

Walicheza mpaka ubao wa sakafu ukapasuka. Mimi sikwenda. Tangu nifike nilikuwa nalala nimegeukia ukuta, na watu walishanizoea kama walivyozoea kitanda.

Asubuhi Rabi Fiszel alikuja amejishika kichwa, anacheka. Kwetu Wayahudi, maharusi hufanyiwa karamu siku saba, na mezani husomwa baraka saba. Lakini kila siku lazima awepo mtu ambaye hakuwepo harusini, uso mpya. Na Gitla alikuwa amezimaliza nyuso zote.

Lajzer akasema basi waache, ndoa imeshafungwa. Gitla akamwambia avae viatu. Mama yake Gitla alifanyiwa siku zote saba, na walipokuwa pamoja kwenye kambi ya Wanazi, usiku wakiwa na njaa, alikuwa akimsimulia siku hizo mojamoja badala ya mkate. Gitla hakuwa tayari kupoteza hata moja.

Wakawa wanashinda stesheni wakivua watu kwenye treni. Walileta mtu aliyekuwa anamtafuta kaka yake. Alikula sahani mbili, akacheza na furushi mgongoni asije akaibiwa. Walileta daktari wa jeshi aliyekuwa ameshuka kununua sigara tu. Sabato yenyewe huhesabiwa kuwa uso mpya, kwa hiyo siku hiyo Lajzer alipumzisha miguu.

Siku ya saba theluji ikafunga reli. Jua likiwa linakaribia kuzama, Gitla akaja kitandani kwangu, mikono imejaa unga.

“Kaka, wewe hukuja harusini kwangu.”

Nikauambia ukuta kwamba naomba radhi.

“Radhi ya nini? Ndiyo bahati yangu. Inuka.”

Nikamwambia sina furaha ya kupeleka mezani kwa watu.

“Furaha ninayo mimi, imejaa mpaka inanimwagikia viatuni. Wewe nipe uso tu. Ukishakula, urudi nao ukutani kwako.”

Kitu kikanipanda kooni. Nilidhani ni kikohozi, kumbe kicheko.

Nilikwenda na shati nililovaa nje ndani. Rabi Fiszel akanibinya mashavu kama mtu anayechagua maboga, akatangaza kwamba uso ni mpya ingawa ndevu ni za zamani. Baraka zikasomwa, watu wakipiga masufuria. Ya mwisho ilipokwisha, Gitla alipanda juu ya benchi, akaangalia dari.

“Mama,” akasema, “zimetimia zote.”

Kisha akashuka, akaniongezea samaki wa chumvi.

Sikurudi ukutani. Nilikula, nikaimba vibaya, na nilipotoka nikamuuliza Rabi Fiszel ni nani anaoa wiki ijayo, ili nisiende harusini, nibaki uso mpya.