Sauti Waliyochangia

Kazini walimwita Chiriku, na jina lilimkaa kama nguo ya kupimwa. Kazi yake ilikuwa kuzitia Kiswahili filamu za watoto. Picha zilikuja na midomo ya watu wa mbali ikichezacheza, naye alisimama mbele ya kipaza sauti, katika chumba kilichobandikwa sponji ukuta mzima, akaipa midomo ile maneno. Alikuwa bata. Alikuwa malkia mwenye mafua. Aliwahi kuwa birika la chai linalolia, na siku hiyo fundi mitambo, bwana mpole waliyempa jina la Masikio kwa sababu ambazo kila aliyemtazama alizielewa, alilazimika kusimamisha kazi ili acheke kwanza.

Sauti yake mwenyewe haikupata kazi nyingi. Ilikuwa sauti ya kawaida ya mwanamke, nzito kidogo, yenye mkwaruzo mwishoni mwa maneno. Ila ilikuwa ndiyo sauti ya dada yake hasa. Tangu usichana wao watu walishindwa kuwatofautisha kwenye simu. Hata mama yao mzazi aliwahi kumgombeza mmoja kwa makosa ya mwingine, na alipoambiwa amekosea mtu, akasema basi mpe salamu zake, na wewe baki na zako.

Dada alipofariki, binti yake alihamia kwa Chiriku. Baba wa mtoto alikwishaondoka zamani, na habari zake zilikuwa fupi. Mtoto alimwita Chiriku mama mdogo tangu alipojua kusema. Alikuwa wa darasa la pili, mwenye magoti yaliyojaa makovu na tabia ya kukunja soksi zake vizuri kuliko mtu mzima. Msibani hakulia. Wapo waliosema huyu jasiri, wapo waliosema hajaelewa bado, wakamwacha acheze na kamba ya pazia.

Asubuhi ya kwanza nyumbani kwake, Chiriku alisimama mlangoni pa chumba akasema, "Amka mwanangu, chai inapoa."

Mtoto aliketi wima kitandani kabla hata macho hayajafunguka sawasawa. Uso wake ulichangamka, ukauelekea mlango kama jani linavyoelekea mwanga. Kisha akaona ni nani aliyesimama pale. Akaziba masikio kwa viganja viwili, na hakuviondoa mpaka Chiriku alipotoka.

Mambo yakawa hivyo jioni yake, na kesho yake pia. Chiriku akinong'ona, mtoto anaziba masikio. Akijaribu kuimba, mtoto anaingia chini ya meza. Jirani mmoja alishauri mtoto apelekwe akapimwe usikivu. Chiriku alimshukuru tu. Alijua wazi kwamba mtoto anasikia, tena anasikia kupita kiasi.

Njia ilipatikana kwa bahati. Chiriku alikuwa jikoni, kifuniko cha sufuria kikamwangukia kidole cha mguu, naye badala ya kupiga kelele akalalamika kwa sauti ya chura, kwa mazoea tu ya kazi. Kutoka sebuleni kijisauti kikauliza, "Chura, umeumia?"

"Kidogo," alisema chura. "Njoo unipulizie."

Mtoto akaja, akapuliza.

Tangu hapo nyumba ile ikawa na wakazi wengi. Bata ndiye aliyemwita mtoto kuoga. Malkia mwenye mafua ndiye aliyesahihisha hesabu. Jua lilipozama, rangi ya machungwa ikatandazika juu ya zulia, na mtoto akalala chali humo kama anayeelea majini, akizungumza na wanyama waliotokea jikoni mmoja baada ya mwingine. Mtu aliyepita nje na kusikiliza angedhani mle ndani kuna kikao. Lakini walikuwa wawili tu, na mmoja wao alikuwa akichoka. Chiriku aliingia kitandani koo linawaka, na wakati mwingine, akiwa bafuni maji yanamwagika, alijisemea neno moja mawili kwa sauti yake, kwa kificho, kama mtu anayekula sukari iliyokatazwa.

Mama yake alikuwa akipiga simu mara kwa mara. "Utamlea mtoto kwa sauti za wadudu mpaka lini?" aliuliza.

"Si wadudu, mama. Chura si mdudu."

"Mimi nakuuliza la maana, wewe unanifundisha wanyama."

Wazee walikwisha kumwambia mtoto kwamba mama yake amesafiri. Chiriku mwenyewe, siku ya kwanza, alisema amelala. Sasa hakujua angeanzia wapi kuyarudisha maneno yale.

Ndipo ilipoletwa filamu ya Dubwana. Ilikuwa hadithi ya msichana aliyefiwa na mama yake, na kitanda chake kikang'oka sakafuni usiku, kikatoka dirishani bila kugusa fremu. Huko nje kilipokewa na dubwana kubwa kama nyumba, lenye manyoya ya rangi ya moshi na ukoka uliomea mgongoni, ambalo lilisinziasinzia hata likitembea. Likambeba msichana mpaka nchi ambako mvua hunyesha kwenda juu: matone yanatoka ardhini taratibu, yanapanda, yanapotelea mawinguni. Katikati ya nchi ile palikuwa na mto, na ng'ambo ya mto aliketi mama.

Chiriku alipewa Dubwana. Alilitafutia sauti kwa muda, akaipata chini kabisa ya kifua, mahali ambapo pumzi hulala, ikatoka pole na yenye usingizi. Shule ilikuwa imefungwa, kwa hiyo mtoto alishinda naye kazini, upande wa pili wa kioo, kwenye kiti kirefu kando ya Masikio, na hedifoni zinazomeza kichwa chote. Alilipenda Dubwana kuliko wote waliotangulia. Nyumbani chura na bata walistaafu bila sherehe. Dubwana lilikuwa na subira, na mtoto akaanza kuliuliza mambo.

"Dubwana, mtu akisafiri, anaweza kusahau njia?"

"Inategemea," lilisema Dubwana, na Chiriku akageukia sinki ili asionekane uso.

"Na akilala sana?"

Dubwana likasema halijui, na hapo Chiriku alijisikia vibaya, kwa sababu Dubwana lile halikuwa limewahi kudanganya.

Mama wa ng'ambo ya mto alikuwa apewe sauti na bibi mmoja aliyezoea kuigiza redioni. Siku yake ilipofika, bibi yule alikuja kueleza kwamba hawezi, na maelezo yenyewe ilibidi ayafanye kwa mikono, maana sauti ilikuwa imekauka kabisa. Mwongozaji, mama mwenye miwani iliyoning'inia shingoni na maneno machache, alipitisha macho chumbani, yakatua kwa Chiriku.

"Utafanya wewe."

"Kwa sauti ya nani?"

"Yako. Hiyo unayoniulizia."

Chiriku aliomba dakika. Alitoka, akachuchumaa mbele ya kiti kirefu, akamwondolea mtoto hedifoni.

"Sikiliza," alisema kwa sauti ya Dubwana. "Leo mama mdogo atasema kwa sauti yake. Ile yake mwenyewe. Ukitaka kukaa, kaa. Ukitaka kutoka, kuna benchi pale ukumbini, na mlango huu haupitishi kitu."

Mtoto alitafakari. Akashuka kitini, akavuta soksi zake juu, akatoka. Mlango mzito ukajifunga polepole nyuma yake.

Kwenye skrini picha ikaanza. Mvua ilikuwa ikipanda. Msichana alishuka mgongoni kwa Dubwana, akasimama kwenye ukingo wa mto, miguu mitupu kwenye majani. Ng'ambo, mwanamke akainua kichwa. Maneno yake ya kwanza, baada ya safari yote ile, yalikuwa haya tu: mbona huna viatu.

Chiriku aliyasema, na sauti ikavunjika njiani. Akarudia, ikavunjika palepale.

Mwongozaji alibonyeza kitufe cha kuongea. "Wewe unaomboleza," alisema. "Yeye hajafiwa na mtu. Anamwona mwanawe yuko pekupeku kwenye umande. Anauliza viatu."

Chiriku akafumba macho. Akamfikiria dada yake. Watu wakifa husemwa vizuri mpaka hawatambulikani, na hata yeye, kwa miezi ile, alikuwa amemtengenezea dada yake sura ya malaika. Lakini dada yake alikuwa mgombezi. Aligombeza mabomba yanayovuja, aligombeza mawingu siku za kufua, aliwagombeza wale aliowapenda kuliko aliowachukia, kwa kuwa hao wengine, alisema, hawakustahili jasho lake. Chiriku akaiacha sauti ishuke mpaka ilipolipata gombezo lile lenye joto ndani.

"Mbona huna viatu? Umetoka hivyo hivyo? Hebu nione miguu."

Ikapita. Akaendelea na mstari uliofuata, na uliofuata huo, na sasa haikuwa kazi, ilikuwa kama kutembea gizani katika nyumba unayoijua. Msichana wa kwenye picha alitaka kuvuka, mama akamkataza. Msichana akasema basi njoo wewe; mama akasema mimi siwezi kurudi, siyo kwamba sitaki. Chiriku aliinua macho kutoka kwenye karatasi, na kupitia kioo akamwona mtoto. Alikuwa amesimama kando ya Masikio, mdomo wazi kidogo. Ameibana hedifoni moja sikioni kwa mikono miwili, nyingine inaning'inia. Masikio hakuwa amemwita wala hakumfukuza. Alikuwa ametazama vitufe vyake kama mtu anayesali.

Chiriku hakusimama. Alimaliza.

Alipotoka, mtoto alikuwa amekwenda benchini ukumbini. Akaketi karibu naye. Taa ya ukumbi ule ilikuwa na tabia ya kumemetameta, na katika mwanga wake kila kitu kilionekana kiko chini ya maji.

"Yule mama anabaki kule?" aliuliza mtoto.

"Anabaki," alisema Chiriku, na neno lilipokwisha kutoka ndipo alipojua limetoka kwa sauti yake. Aliitazama mikono ya mtoto. Ilikuwa magotini.

"Hata kama yule msichana amekuja mpaka kule."

"Hata hivyo."

"Na mama yangu hakusafiri."

"Hapana. Hakusafiri. Tulikwambia hivyo kwa sababu tuliogopa. Na hakulala, mimi ndiye niliyekwambia amelala. Alikufa. Aliugua, wakajaribu, wakashindwa."

Mtoto alivuta pumzi. "Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Alisema nini kwangu?"

Hapa Chiriku angeweza kusema lolote. Kazi yake ilikuwa kuwatia watu maneno mdomoni, na maneno mazuri aliyajua mengi. Yalikwishapanga foleni.

"Hakusema kitu," alisema. "Alikuwa amechoka sana, hakuweza tena kuongea. Siku iliyotangulia alikutaja mara nyingi, ila ile ya mwisho hakusema kitu."

Mtoto alikasirika kwanza. Alilipiga benchi kwa ngumi, akasema mama yake alikuwa mbaya, alikwenda yeye yuko shule, hakuaga, na kila mtu alikuwa mbaya. Halafu kilio kikaja, kikubwa kuliko mwili wake, na Chiriku akampakata vile alivyo na viatu vyake, akawa anamwambia nipo, nipo, kwa ile sauti iliyokuwa ya watu wawili. Mwongozaji alifungua mlango, akaona, akaurudisha. Kazi ya siku ile ikaahirishwa bila mtu kutoa amri.

Haikuwa kwamba mambo yalinyooka siku hiyohiyo. Kwa wiki kadhaa mtoto alilia kwa vitu vidogo: kitana kilichopotea, mkate uliokatwa vibaya. Kuna asubuhi alizoamka akasema leo nataka Dubwana, na Dubwana likaja bila kuuliza kwa nini. Kuna nyingine aliomba kinyume chake. Alikuwa akifumba macho na kusema, "Niite kwa jina la mama," akimaanisha jina la kudekeza ambalo dada alimpa, Punje.

"Punje," alisema Chiriku. "Lakini unajua ni mimi."

"Najua. Sema tena."

Filamu ilipokamilika, walioifanyia kazi walialikwa pamoja na jamaa zao kuitazama katika ukumbi wa viti vyekundu. Chiriku alimleta mtoto na mama yake mzazi, ambaye alivaa vizuri na kutangaza kwamba amekuja kuona hayo madudu yaliyokula koo la mwanawe. Alicheka Dubwana lilipojikwaa. Alishangaa mvua. Mwanamke wa ng'ambo ya mto alipoinua kichwa na kuuliza viatu, bibi wa mtoto aliinuka. Alipapasa migongo ya viti, akatafuta mlango, akatoka.

Chiriku alitaka kumfuata. Alikuwa amemwambia mama yake mambo yote ya filamu ile, akasahau kumwambia hilo moja, la sauti. Mtoto ndiye aliyeteleza kutoka kitini.

Chiriku alipowakuta nje, bibi alikuwa ameketi kwenye ngazi, leso imelowa, na mtoto kando yake akimpigapiga mgongoni, kama abembelezaye kichanga.

"Siyo mama, bibi. Ni mama mdogo," mtoto alikuwa akimweleza. "Mwanzoni inauma hapa, halafu unazoea kidogo. Unaweza kuziba masikio, hamna shida."

"Sitaki kuziba," bibi alisema. "Nataka kukaa tu."

Wakakaa. Chiriku akajibana ngazi ya chini yao, mpaka bibi alipopenga kamasi, akasema hawezi kuondoka bila kujua kitanda kimerudi vipi nyumbani. Wakaingia, wakakuta mto umekwishapita. Ikabidi wamwulize kijana mdogo wa kiti cha mbele yaliyotokea, naye akawasimulia kwa uongo mwingi, na moto, na nyoka ambao hawakuwemo. Chiriku alijua hawakuwemo, lakini bibi alisikiliza yote kwa makini, akiitikia kwa kichwa.