Kabla Hujachagua Njiwa wa Kubingirika

Ipo Jumamosi moja ninayoikumbuka vizuri, mwanangu, Jumamosi ambayo mzee mmoja alinifokea nyuma ya duka lake pale Meru mjini, nami nikiwa msichana niliyemaliza shule na kudhani ninajua mambo. Nimeikumbuka tangu juzi ulipokuja hapa Kanyakine na simu yako, ukanionyesha picha za njiwa rola, wale wanaobingirika hewani. Ulitaka jozi moja kutoka kwa mfugaji huyu, jozi nyingine kwa yule, na nyingine kwa yule wa mbali, uwachanganye uone kitakachotoka. Sikukujibu kwa sababu mvua ilikuwa inakuja na wewe ulikuwa na haraka. Leo hatuna haraka, basi nisikilize.

Baba yangu alikuwa dereva wa lori. Alimwendeshea Mzee Athmani, mfanyabiashara Mwislamu aliyekuwa na duka na malori huko Meru. Siku moja ya mvua lori liliteleza barabarani likapinduka. Baba alipona, lakini mgongo uliumia na miguu yake haikumbeba tena. Tulimleta nyumbani, tukamtengenezea kiti kirefu cha mbao, na kila asubuhi mimi na mama tulimtoa nje na kumweka uani. Alikaa hapo mpaka jioni. Mtu aliyekuwa akitupigia hadithi za barabara nzima, kuanzia Isiolo mpaka Mombasa, akawa haongei. Ukimsalimia, anaitikia tu. Chakula anakula kidogo. Mama alikuwa na shamba la kahawa la kuangalia, hakuwa na nafasi ya kukaa naye. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwona akitazama juu muda mrefu, hata kama hakuna kitu.

Siku moja nikamuuliza, "Baba, unatafuta nini huko juu?"

Akanijibu, "Njiwa wa Athmani."

Hayo tu. Lakini nilijua anachosema. Alikuwa ametusimulia zamani jinsi mwajiri wake alivyokuwa akirusha njiwa juu ya stoo jioni, na jinsi yeye na wapakiaji walivyokuwa wakiacha magunia wakatazama. Nikaamua nitamletea baba njiwa hao nyumbani.

Basi nikaenda Meru. Mzee Athmani alinipokea vizuri, akanipa chai, akauliza habari za baba kwa sauti ya chini. Nikamwambia nilichokuja kutafuta. Akanipeleka nyuma ya duka, palipokuwa na kibanda cha njiwa. Mimi nikaangalia mara moja tu, nikaanza kunyoosha kidole. Namtaka yule mwekundu mwenye mabaka meupe. Namtaka na yule mweupe. Na yule mwenye manyoya miguuni. Wengine wengi walikuwa wa rangi ya jivu na hudhurungi, sikuwatazama hata mara mbili.

Mzee akaniacha nimalize. Kisha akanifokea.

"Wewe binti, unamchagulia babako njiwa au unajichagulia leso?"

Nikashusha kidole.

"Babako nilipomwajiri, sikuona hata siku moja akitazama rangi ya lori. Alifungua boneti kwanza. Alilala chini akatazama uvunguni. Wewe umekuja kutafuta njiwa wa kuruka, na hujaomba kumwona hata mmoja akiruka."

Niliona aibu, mwanangu. Vijana wa dukani walikuwa wanasikia. Nikamwambia basi awarushe. Akasema sasa hivi wameshiba, njiwa aliyeshiba hana kazi. Nirudi jioni nyingine kabla hawajalishwa. Na yule mwekundu wa mabaka, akaniambia, hakuwa wake. Alikuja siku ya upepo mkali akatua juu ya paa, akabaki. "Simjui baba yake wala mama yake. Nikikupa huyo nimekupa nini?"

Nilirudi nyumbani nimeudhika. Nilimwona ni mzee mchoyo.

Wiki hiyo hiyo mama akanituma Siakago kwa shangazi yangu, aliyeolewa huko, nimpelekee ndizi na nirudi na ndengu. Ukitoka huku kwetu kwenye migomba na kahawa, kule Siakago utaona ni nchi nyingine: kukavu, kuna mbuzi, anga ni wazi. Nilipomweleza shangazi shida yangu, akacheka. "Njiwa ndio unafuata mpaka Meru? Si Njeru yuko hapa?"

Njeru alikuwa kijana wa rika la kaka yangu mkubwa, mkulima wa muguka, yale majani ya kutafuna, mtu wa vicheko na moyo mkubwa. Hakunitolea visingizio vya kushiba. Alifungua kibanda hapo hapo, akapiga mluzi, na njiwa wa kila rangi wakaruka. Na kubingirika, mwanangu, nilikuwa sijawahi kuona. Njiwa mmoja alianzia juu kabisa akaja akizunguka kama gurudumu, akashuka, akashuka, mpaka watu wakapiga makelele. Akasimama juu kidogo tu ya mti wa mgunga, akapanda tena. Nikasema moyoni, hawa ndio wa baba.

Mwingine akaanza. Huyo hakusimama. Alikuja akizunguka mpaka akapiga bati la jikoni, akadondoka mbele ya miguu yangu. Niliona jicho lake likifunguka na kufungwa, kisha likabaki wazi.

"Huyo damu yake ilikuwa moto kupita kiasi," Njeru akasema. Hakuwa na ubaya. Alimwokota tu, akampa mkewe amchemshe pamoja na ndengu.

Akaniambia siri yake kwa furaha: kila anaposikia mtu ana njiwa anayeshuka sana, humtafuta. Huyu wa Embu, huyu wa Runyenjes, huyu wa Thika. Anawaunganisha wanaoshuka sana na wanaoshuka sana. "Siku ya soko watu wanajaa hapa," akasema. Nikamuuliza kama anajua ni yupi ataanguka kesho. Akacheka. "Nani anaweza kujua hiyo?"

Hilo jibu ndilo lililonirudisha Meru.

Safari hiyo nilifika jioni, njiwa wana njaa. Mzee Athmani akawarusha wale wa jivu na hudhurungi niliokuwa nimewadharau. Walipanda kwa kundi moja, wakazunguka juu ya paa la stoo bila kuachana. Kisha, walipokata kona, watatu au wanne wakabingirika kwa pamoja. Hawakushuka sana. Walizunguka kwa kasi mpaka mabawa hayakuonekana, kila mmoja akawa mviringo mdogo kama donge la uzi, wakasimama, wakapanda kurudi kundini. Wakarudia. Mzee akatikisa mkebe wa mtama, wote wakatua na kuingia ndani.

"Hawa wote ni ukoo mmoja," akaniambia. "Nyanya yao ni yule njiwa kikongwe pale asiyeona vizuri. Nimewafuga tangu enzi za babu zake huyo. Mmoja akikusumbua, njoo uniulize, nitakuwa na jibu, maana nilishaliona kwa baba yake. Lakini ukiwachanganya na wa watu wengine, binti yangu, usinitafute. Hata mimi nitakuwa mgeni kama wewe."

Hakunipa wakubwa. Wakubwa wangerudi kwake siku ya kwanza nikiwafungulia. Alinipa makinda walioanza tu kula wenyewe, ndugu na binamu, wote wa jivu na hudhurungi, nikawabeba kwenye boksi la sabuni lililotobolewa matundu.

Sasa sikia shida. Makinda hawabingiriki. Wanajifunza kuruka, wanatua juu ya mgomba wa jirani, wanalala huko, ndio hivyo. Miezi ikapita. Ukungu wa Julai ukaja, na Mzee Athmani alikuwa amenionya nisiwarushe kwenye ukungu, kwa hiyo wakakaa ndani wanakula mtama. Mama akawa ananiuliza kama ninafuga njiwa au wageni. Baba aliwatazama kila siku, lakini siku moja akasema, "Makena, hawa ni njiwa wa kawaida tu." Nilienda nyuma ya nyumba nikalia.

Na hapo ndipo Njeru alipofika. Alikuwa amekuja sokoni kuuza ndengu, akakumbuka yule msichana wa njiwa, akauliza njia mpaka nyumbani. Alikuwa amembeba dume mmoja kifuani, ndani ya koti. Dume mzuri jamani, shingo nyekundu, kifua cheupe. Akamsalimia baba kwa heshima, akaniambia, "Nimekuletea zawadi ya mzee. Mweke huyu na majike yako, mwaka ujao utaona moto."

Majirani wakaja. Njeru akamfunga dume kamba nyembamba ya rangi mguuni ili tumtambue, akamrusha peke yake. Dume akapanda. Akaanza kuja chini akizunguka, akapita mti wa mkinduri, akapita paa, akasimama juu tu ya migomba. Watu wakashangilia. Mimi pia nilishangilia, sikufichi. Nilikuwa nimechoka kungoja. Nilishaona moyoni ni jike gani nitamwekea.

Baba hakushangilia. Njeru alipopiga mluzi ambao dume aliuzoea, akatua akashikwa, na baba akanyoosha mkono apewe. Akamshika kwa upole, akamwangalia.

"Kijana, ndugu za huyu wako wapi?" akamuuliza Njeru.

"Wengine wako, baba."

"Na wengine?"

Njeru akaanza kucheka, kisha akaacha. "Walianguka."

"Wengi?"

"Wengi, baba."

Baba akampapasa dume mgongoni. Halafu akasema, na hayo ndiyo maneno mengi zaidi niliyomsikia akisema tangu ajali: "Nakushukuru kwa moyo wako. Umetoka mbali kwa ajili yangu na hunijui. Lakini huyu hana breki. Asubuhi hadi jioni mimi ninakaa hapa kuangalia juu. Nikiwaona wanapanda, nataka kujua watarudi. Hapa kwangu tumeanguka vya kutosha."

Njeru alivua kofia yake, akampokea dume, akamrudisha kifuani. Mama akamtolea Njeru uji, naye akakaa na baba mpaka karibu jioni, wakaongea habari za barabara ya Siakago. Baadaye Njeru aliwahi kunitumia salamu kwamba ameanza kuchagua wanaosimama. Sijui kama ni kweli au alitaka kumfurahisha baba.

Mimi nikaendelea kungoja. Nilikuwa shambani nachuma kahawa asubuhi moja nikasikia baba akiita, "Makena! Makena!" kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu nikiwa mdogo. Nilitupa kikapu nikakimbia, nikidhani ameanguka kutoka kwenye kiti. Nilimkuta amekaa vile vile, kidole kimeelekea juu, anacheka machozi yakimtoka.

"Amegeuka hewani! Yule wa hudhurungi. Amegeuka mara moja akashangaa mwenyewe!"

Tukatazama pamoja. Akageuka tena. Kwa muda wa wiki chache wenzake nao wakaanza, mara moja, mara mbili, kisha mzunguko kamili. Walipokuwa wakikata kona kwa pamoja juu ya kahawa yetu, majirani walianza kuja jioni bila kualikwa, na baba akawa na watu wa kuongea nao. Ndiye aliyekuwa akiniambia ni yupi azae na yupi asizae, maana hakuna aliyewatazama kama yeye. Aliishi miaka mingi hivyo. Kipanga alituchukulia baadhi ya njiwa, hilo halikosi. Lakini hakuna aliyeanguka uani kwetu.

Sasa nikujibu swali lako, mwanangu, nisikuache na hadithi tupu.

Weka simu chini kwanza. Picha inakuonyesha rangi, na rangi haibingiriki. Nenda nyumbani kwa mfugaji, na uende wakati njiwa wana njaa, uwaone hewani. Asiyetaka kuwarusha mbele yako, mshukuru kwa chai uondoke. Usimtazame anayeshuka sana kuliko wote. Tazama kama anasimama, na kama anarudi kwa wenzake. Uliza habari za walioanguka, kama baba alivyouliza, na umtazame mtu usoni anapokujibu.

Ukishaona kundi linalokupendeza, chukua wa ukoo huo mmoja, makinda, kutoka kwa mtu mmoja, na ikiwezekana awe karibu ili uweze kumfuata kila unapokwama. Kila mfugaji atakwambia ukoo wake ndio bora. Usibishane naye, wewe chagua yule atakayekaa na wewe kukufundisha. Usiwachanganye na wengine mpaka uwajue hao wako kama unavyowajua ndugu zako. Na usizalishe mapema. Warushe kwanza, ngoja, uone nani ni nani. Kungoja kutakuudhi. Kuliniudhi na mimi.

Basi nenda, mwanangu. Mungu akupe mwalimu mwenye subira, na wewe akupe subira ya kumsikiliza. Akupe anga safi na mtama wa kutosha. Awakinge njiwa wako na kipanga, na kila jioni ukitikisa mkebe, wote warudi nyumbani.